Bado Kidogo na Toleo la Jikoni

Fundi huyu wa kompyuta alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, tena zuri tu, lakini usijisumbue kulitafuta, kwani hata mumewe alishaacha kulitumia. Watu walimwita Bado Kidogo. Ukimpelekea mashine yako mwanzoni mwa wiki, ukapita katikati ya wiki kuulizia, angeinua macho kutoka mezani, akakutazama kwa huruma ya kweli, kisha akasema, "Bado kidogo." Ukipita mwisho wa wiki, jibu lilelile. Wapo waliochoka wakachukua vitu vyao, wakavuka barabara hadi kwa fundi mwingine, bwana mmoja hodari wa maneno aliyemaliza kila kazi kabla mteja hajamaliza soda. Baada ya siku chache walirudi wamenywea, mashine kwapani. Bado Kidogo hakuwasuta wala hakuwauliza walikuwa wapi. Aliwaonyesha pa kuiweka na kuwaambia atawapigia simu.

Duka lake lilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa, na dari lilishuka pamoja na ngazi. Upande wa mlangoni mtu alisimama wima. Upande wa ndani alikwenda kwa kuchuchumaa. Huko ndani ndiko alikoweka kompyuta kuukuu alizoziita wagonjwa wa kujitolea, kwa sababu hakuna jambo alilolifanya kwenye mashine ya mtu kabla ya kulijaribu kwenye mojawapo ya hizo. Skrubu alizozifungua alizipanga kwenye vifuniko vya soda, kila kifuniko na kompyuta yake, na ole wako upige chafya karibu na meza ile. Sikatai, alikuwa na kero zake. Lakini sijasikia hata mtu mmoja aliyempa picha za harusi akarudishiwa diski tupu, na yule bwana wa ng'ambo ya barabara siwezi kumsemea hivyo.

Nyumbani kwake na kwa watu wake wa karibu, Bado Kidogo alikuwa ameweka mfumo endeshi wa ukoo wa Unix. Mfumo endeshi, kwa asiyejua, ndio unaoifanya kompyuta ijijue kuwa ni kompyuta. Bila huo ni sanduku la bati lenye feni. Huu wake ulitengenezwa na watu waliotawanyika duniani, wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso, na ulitolewa kwa namna mbili. Kulikuwa na toleo thabiti, lililokwisha kukaguliwa, na kulikuwa na toleo la maendeleo, ambalo watengenezaji walikuwa bado wanalifanyia kazi kila siku. Yeye aliyaita la mezani na la jikoni. La mezani limeonjwa, limepakuliwa, wewe kula tu. La jikoni liko motoni. Leo chumvi imezidi, kesho limekaa sawa, na mpishi mwenyewe hawezi kukuapia. Mteja akiomba la jikoni kwa sababu amesikia lina mambo mapya, alijibiwa kwamba mgeni hukaribishwa sebuleni.

Kwa hiyo siku ilipombidi kuliweka hilo la jikoni, tena si kwa mteja bali kwa kaka yake wa tumbo moja, hamu ya kula ilimtoka.

Kaka yake aliitwa Rangi. Jina hilo lilimbaki kutoka enzi zake za kuchora mabango, alipopanda ngazi na makopo yake na kuandika kwenye kuta za maduka herufi zilizonyooka bila rula. Kinyozi, duka la dawa, shule ya udereva, wote walipita mikononi mwake. Kisha ugonjwa wa presha ya macho ukaanza kumla, kwanza pembeni, ukasogea katikati, mpaka siku moja akamaliza bango na mwenye duka akamwambia kwa upole kwamba mstari wa mwisho umepanda ukutani kama unakimbia panya. Alishuka ngazi na hakupanda tena.

Hakukaa bure. Bado Kidogo alimtengenezea kompyuta inayosema, na Rangi akajifunza kazi ya kusikiliza mikutano iliyorekodiwa na kuiandika neno kwa neno. Mashine yake haikuwa na skrini. Ilikuwa na kibodi, spika moja nzito juu ya meza, na sauti ya mtu mwenye mafua iliyomsomea kila kitu: barua pepe, habari, salamu za wanawe walioko mbali. Ilimsomea vizuri. Ila ilimsomea kwa nguvu, nyumba nzima ikisikia, na mkewe, aliyekuwa mshonaji na cherehani yake ikikaa chumba kilekile, alijua habari za mumewe kabla hajazimaliza.

Mwaka huo Rangi alikuwa amejifunza maandishi ya nukta nundu, yale ya kusoma kwa vidole. Kiwanda kimoja cha kuchapa vitabu vya wasioona kikamwazima kibao cha nukta nundu, kifaa chembamba cha kuweka mbele ya kibodi, chenye vipini vidogo vinavyopanda na kushuka vyenyewe kufuata maandishi yaliyo kwenye kompyuta. Makubaliano yalikuwa wazi. Jumatatu wangemtumia kurasa za kitabu azikague kwa vidole, si kwa masikio, maana masikio husamehe makosa mengi. Akifaulu, kazi ya ukaguzi ni yake. Asipoweza kuzisoma, kibao kinakwenda kwa anayefuata.

Tatizo ni kwamba kompyuta yake haikukitambua kibao. Kilikuwa kipya mno. Toleo la mezani halikukijua kabisa; toleo la jikoni lilikijua.

"Mdogo wangu," Rangi alimwambia dada yake kwenye simu, "mimi nimechoka kusomewa. Tangu macho yafunge nasomewa. Hata dawa nasomewa. Nataka kusoma mwenyewe."

"Nimekusikia, kaka."

"Basi utakuja lini?"

"Bado kidogo," alisema, na akamsikia wifi yake akicheka nyuma ya cherehani.

Haikuwa mzaha. Sauti ile yenye mafua ndiyo iliyokuwa kazi ya kaka yake na ndiyo iliyokuwa dirisha lake. Toleo la jikoni likiharibika mkononi mwake, Rangi angekosa kibao na sauti pia, na Jumatatu ingemkuta amekaa kwenye kiti, mikono magotini. Bado Kidogo aliliogopa hilo kuliko kitu chochote kilichowahi kuletwa dukani kwake, na hakuona aibu kuliogopa.

Akaanza kwa kusoma. Kila toleo la jikoni lina ubao wake wa matangazo, ambapo watengenezaji huwaonya wenzao nini kimebadilika na nini kimevunjika. Wenye haraka huupita ubao huo mbio, kisha hurudi kuusoma wakilia. Yeye aliusoma na chai, kuanzia chini kwenda juu, akakuta watu wanalalamika kwamba kiini kipya cha mfumo kinakata mtandao. Akafunga, akasubiri. Kelele zilipotulia na dawa ilipotangazwa, akalijaribu toleo hilo kwa mgonjwa wa kujitolea aliyefanana na mashine ya kaka yake, akaliacha likinguruma siku kadhaa huku akilitazama kwa jicho la pembeni.

Wifi yake alimpigia. "Wifi, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako."

"Mwenda pole hajikwai, wifi yangu."

"Hajikwai kweli. Na kufika hafiki. Jumatatu inakuja hiyo, haikungoji wewe."

"Nakuja Jumamosi asubuhi. Mwambie asiguse kitu."

"Mwambie mwenyewe, mimi nani anisikie?"

Jumamosi alifika na mkoba wa vifaa begani na skrini yake mwenyewe ameikumbatia, imefungwa kwenye shuka. Chumba cha kaka yake kilikuwa vilevile: meza dirishani, spika upande wa kulia, kiti kilichokwisha kuchukua umbo la mwenyewe, na upande wa pili cherehani na vitambaa vilivyokatwa. Mahali pa vitu palikuwa sheria. Ukisogeza kikombe, ukirudishe.

Kazi ya kwanza ilikuwa nakala. Alinakili kila kitu cha kaka yake kwenye diski ya nje, kisha akafanya jambo ambalo wengi hawafanyi: akaichukua nakala ile, akarudisha kutoka humo rekodi moja ya mkutano, akaicheza mpaka mwenyekiti alipokohoa na kufungua kikao. Ndipo akaridhika. Nakala usiyojaribu kuirudisha, alizoea kusema, siyo nakala, ni matumaini.

"Sasa nifafanulie unachonifanyia," Rangi alisema. "Usinione nimekaa kimya, moyo unanienda mbio."

"Nyumba unayokaa siigusi," dada yake alimjibu. "Ndani ya diski hiyohiyo najenga ya pili, pacha wake, kila kitu sawasawa. Halafu hiyo ya pili ndiyo naibadilisha iwe toleo la jikoni. Ikikupendeza, unahamia. Isipokupendeza, unarudi ulikokuwa, kitanda chako kiko palepale."

"Hapo umesema."

Akaunganisha skrini, akaanza. Kiini kwanza, akawasha upya kuona kama kinashika. Kikashika. Kisha mwili wote wa mfumo. Kisha likaja lile eneo ambalo wenye haraka huzikwa, yaani faili za mipangilio. Mashine hukuonyesha mstari wako wa zamani na mstari mpya inaoupendekeza, na kukuuliza ushike upi. Mtu akibonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, anaweza kuamka akakuta orodha ya watumiaji imefutwa na yeye mwenyewe hatambuliki kwenye kompyuta yake. Bado Kidogo alikwenda mstari kwa mstari. Alipofika kwenye sauti, mstari wa zamani ulisema sauti itoke kwenye spika ya mezani. Mstari mpya ulisema mfumo uchague wenyewe njia inayofaa. Aliupima, akaona huu mpya una akili zaidi, akaushika.

Akawasha. Mashine ikasema kwa sauti yenye mafua kwamba iko tayari. Cherehani ilisimama, wifi akapiga makofi.

Rangi aliinamisha kichwa. "Sauti imehama."

"Imehama vipi?"

"Imekuwa nyembamba. Na imesogea huku." Akaonyesha kushoto.

"Toleo jipya hilo, kaka, lazima lisikike tofauti kidogo," alisema Bado Kidogo, aliyekuwa anatazama maandishi mazuri yakipanda kwenye skrini bila kosa hata moja. "Kila kitu kiko sawa. Naona."

Akazima, akachomoa skrini yake, akaanza kuifunga kwenye shuka. Kibao walikiacha kwa mwisho. Rangi akasema basi na yeye aiwashe mwenyewe, kama atakavyoiwasha Jumatatu akiwa peke yake. Akapapasa kitufe, akabonyeza. Feni ikaanza kuzunguka.

Wakangoja. Feni ikazunguka. Rangi alikuwa ameegemeza viganja viwili mezani, uso umeelekea spika, na spika haikusema neno.

"Labda inafikiri," wifi alisema.

"Haijawahi kufikiri hivi," Rangi alijibu.

Bado Kidogo akaifungua skrini kutoka kwenye shuka, akaichomeka, akawasha upya. Mashine ikaongea mara moja, changamfu, haina habari. Akachomoa, akawasha upya. Kimya. Akachomeka, ikaongea.

"Ala," wifi alisema, "hiyo ina haya ya bi harusi? Haisemi mpaka itazamwe?"

Na hapo ndipo fundi alipoiangalia skrini yake vizuri, akaona chini yake vile vitundu vidogo viwili ambavyo hakuwahi kuvitilia maanani. Skrini ilikuwa na spika ndani yake. Toleo jipya, kwa akili zake nyingi, lilikuwa limechagua kusemea huko, na hata skrini ilipoondolewa liliendelea kupeleka maneno kwenye tundu lisilo na kitu upande wa pili. Sauti ilikuwa imehama kweli. Kaka yake alimwambia, tena kwa kidole akamwonyesha, na yeye akamjibu kwamba anaona.

"Asiyesikia la mkuu," wifi alianza.

"Huvunjika guu, najua," Bado Kidogo alisema. "Wifi, niache kwanza."

"Si neno," Rangi alisema. "Nirudishe kwenye nyumba ya zamani, tupumue, halafu utaangalia."

"Hilo ni rahisi hata wewe unaweza. Unazima, unawasha, inatokea menyu. Unashuka mstari wa pili, unabonyeza, umerudi."

"Inatokea wapi?"

"Kwenye..." Akaitazama skrini iliyokuwa mapajani mwake.

Ile menyu haisemi. Inatokea kabla sauti haijaamka, maandishi meupe kwenye weusi, inakaa kidogo na kuondoka. Siku zote hizo za kusoma ubao, kunakili na kujaribu, alijenga njia ya kurudi iliyo madhubuti, na mtu pekee asiyeweza kuipita ni yule aliyejengewa.

Rangi hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alitafuta mkono wa dada yake, akaupata. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alisema. "Wewe hujalala kwenye hiki. Sikulaumu. Lakini ingekuwa Jumatatu, ningefanya nini?"

"Ungekaa," alisema. "Nimekosea, kaka. Nilijilinda mimi, sikukulinda wewe."

Wifi aliona mambo yamekuwa mazito, akaenda kuchemsha maji ya chai.

Dawa ilikuwepo, na kinachoudhi ni kwamba Bado Kidogo aliijua siku zote. Mfumo ule unakubali kuambiwa: ingia nyumba mpya mara moja tu, kama mgeni. Ukizimwa na kuwashwa tena, unarudi wenyewe nyumba ya zamani bila kuulizwa, bila menyu, mpaka mwenye mashine aandike kwa mkono wake kwamba ameikubali nyumba mpya. Hakuwahi kuitumia njia hiyo kwa sababu hakuwahi kuihitaji. Mtu mwenye macho anaitazama menyu na kuchagua, kuna ubaya gani?

Akairudisha mashine kwenye nyumba ya zamani, akahakikisha spika ya mezani inasema kama jana, kisha akanyanyua mikono kutoka kwenye kibodi.

"Sasa hiyo skrini yako ifunge," Rangi alisema. "Iweke nje kabisa."

"Kaka, nitafanyaje kazi?"

"Ninavyofanya mimi."

Skrini ikawekwa ukumbini, na fundi akakaa mbele ya kibodi akiwa hana pa kutazama. Mashine ikasema kitu kirefu kwa kasi ya mnadi.

"Imesema nini?"

"Imekwambia uko kwenye folda gani."

"Punguza mwendo wake, sielewi kitu."

"Huo ndio mwendo wake wa pole. Ongeza masikio."

Alijaribu. Alibonyeza, akasikiliza, akapotea, akarudi, akapotea tena, akafungua rekodi ya mkutano badala ya faili ya mipangilio, na mwenyekiti akakohoa na kufungua kikao. Wifi, aliyekuwa amerudi na vikombe, alicheka mpaka akaviweka chini. Kwa kweli hata Rangi alijitahidi kujizuia akashindwa. Mwishoni alimsukuma dada yake taratibu kwa bega, akakaa kwenye kiti chake kilichomjua, na kusema, "Nipe maneno, nitaandika mimi."

Ndivyo walivyofanya. Yeye alisema, kaka akaandika. Kutoka nyumba ya zamani walifungua mlango wa ile mpya, wakaingia kwenye faili ya sauti, na Rangi akaufuta ule mstari wenye akili nyingi, akauandika wa zamani mahali pake: spika ya mezani, basi. Kisha Bado Kidogo akamtajia amri ya kuingia kama mgeni, mara moja tu.

"Kabla ya kwenda, tujaribu kurudi," alisema. "Safari hii tuanze na kurudi."

Rangi akawasha upya, na mashine ilipokuwa bado inaamka ndani ya nyumba mpya, haijasema neno, akakishikilia kitufe cha umeme mpaka feni ikanyamaza. Akavuta pumzi, akawasha tena. Hakugusa kitu kingine. Sauti yenye mafua ikamkaribisha nyumba ya zamani.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Mpaka uikubali, ikinyamaza, zima, washa. Hunihitaji mimi wala macho ya mtu."

Akalirudia tena zoezi lile, bila haja, kwa raha yake mwenyewe. Dada yake alimwacha. Mtu aliyekwama mara moja hujua thamani ya mlango unaofunguka kutoka ndani.

Kisha wakaenda kweli. Rangi aliandika amri, akawasha upya, akaweka viganja mezani. Feni ikazunguka. Cherehani ilikuwa imesimama. Bado Kidogo alijishika vidole ili visiende popote, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakuwa na dalili yoyote ya kutazama. Alikuwa anangoja sawa na kaka yake, gizani sawa na yeye. Ukimya ukawa mrefu. Alifikiria kiti, na mikono magotini, na alitamani kulia.

Spika ikasema iko tayari. Ilikuwa sauti nene, kutoka kulia.

"Ndiyo hiyo," Rangi alisema. "Iko mahali pake."

"Una hakika?"

"Mdogo wangu, hii naijua kuliko sauti yako."

Akaizungusha nyumba mpya pole pole, chumba hadi chumba: barua pepe, rekodi, mtandao, saa. Vyote vilijibu. Bado Kidogo alitaka aendelee kukagua, akaanza kusema bado kidogo, ila Rangi alikuwa ameshaomba maneno ya kuikubali nyumba. Akatajiwa. Aliyaandika mwenyewe, akayasikiliza yakisomwa, akabonyeza. Tangu hapo hiyo ndiyo ikawa nyumba yake, na ya zamani ikabaki nyuma, imefagiliwa, kama lolote likitokea.

Kikabaki kibao. Wifi ndiye aliyekitoa kwenye boksi, akafuta vumbi lisilokuwepo, akakiweka mbele ya kibodi. Rangi akachomeka waya. Kibao kikatoa mlio mdogo wa vipini vingi vikisimama pamoja, na uso wa Rangi ukabadilika kabla hajasema chochote.

Kiwanda kilikuwa kimemtumia ukurasa mmoja wa kufanyia mazoezi. Aliufungua. Sauti yenye mafua ikaanza kuusoma kama kawaida yake, chumba kizima kisikie, na Rangi akanyoosha mkono akaizima. Kazi ile alipewa wiki iliyofuata na anayo mpaka leo, lakini Bado Kidogo, ukimuuliza, hatakuelezea habari za kazi. Atakuelezea habari za kimya kile.

Vidole vilitoka kushoto kwenda kulia, vikafika mwisho, vipini vikashuka vikapanda vingine, vikaanza tena. Mwanzoni vilisita na kurudi nyuma. Baadaye vikashika mwendo. Midomo yake haikucheza. Kwenye mstari fulani alitabasamu, kwenye mwingine akakunja uso, akarudi kuupitia, akatikisa kichwa kama mtu asiyekubaliana na alichoambiwa. Bado Kidogo aliinama karibu akavitazama vile vipini vikipanda na kushuka. Aliviona vyote, kimoja kimoja, na hakuelewa hata herufi. Wifi alikuja akasimama nyuma yake, sindano mdomoni, naye akatazama.

"Kaka," dada yake alisema kwa sauti ndogo, "imeandikwa nini?"

Rangi aliinua mkono wa kushoto kidogo. Wa kulia uliendelea na safari yake.

"Subiri," alisema. "Nasoma."

Basi mawifi wawili wakavuta viti, wakakaa, wakamsubiri amalize.